Kufungua chekechea kwenye kambi ya dagaa: anza na mwezi wa angani, madawati baadaye

Nimetoka kumsaidia mdogo wangu mmoja, sio wa damu ila tumeshazoeana, amefungua chekechea kwenye kambi moja ya wavuvi kisiwani huku upande wa Buchosa, Ziwa Victoria. Miezi miwili alikuwa ananitumia voisi WhatsApp usiku, dakika nane nane, nyuma jenereta linaunguruma, na maswali ni yaleyale niliyohangaika nayo mimi mwenyewe nilivyoanza. Bora niandike hapa mara moja, mwingine akiuliza namtumia hii.

Hatua ya 1: Serikali ya kijiji, kabla hujanunua hata chaki

Mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji, halafu BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe na uvuvi. BMU usiiruke, kambini wale ndio wanajua nani kaingia na nani katoka. Watoto wagawe kiumri mapema: wa miaka 2 mpaka 4 ni habari ya Ustawi wa Jamii, hapo unasajili kituo cha kulelea watoto. Wa miaka 5 ni darasa la awali, hao mtafute mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu muwe kituo shikizi chini yake, la sivyo siku mtoto anaenda la kwanza jina lake halipo popote. Na awali ya serikali haina ada tangu 2016, kwa hiyo neno ada litoe mdomoni kabisa. Mchango wowote upite mkutanoni na uandikwe.

Hatua ya 2: Banda

Mabati juu, hewa pembeni, na liwe mbali na maji. Zungushia nyavu chakavu za makila, zile za kutega samaki, zipo bure mwaloni pale mitumbwi inapofikia na mtoto wa miaka minne hapiti. Choo cha mchangani kinabomoka, zamisha mapipa yaliyotolewa vitako. Basi.

Hatua ya 3: Mlezi

Chukua mama wa palepale kambini, mwenye mtoto, anayejua kusoma na kuandika, umfundishe kazi. Najua watu watabisha. Mimi nimeleta mabinti wa fomu foo kutoka Mwanza mjini mara mbili, wote wazuri, wote wameondoka na mtumbwi wa mizigo kabla mwezi haujaisha. Mmoja aliniambia tatizo lake ni wadudu tu, mawingu ya wale wadudu wa ziwani yakitua jioni anajifunika kanga kichwa kizima anasubiri kuche. Mama wa kambini anawapangusa kwenye sufuria anaendelea kupika.

Watoto wakizidi 25 tafuta mlezi wa pili, hiyo usijadili.

Hatua ya 4: Mwezi (hapa ndipo nilipoteza mwaka mzima)

Mwaka wa kwanza niliandikisha watoto 41. Wiki ya tatu asubuhi moja nahesabu, wako 9. Nikakasirika, nikaenda kwa mwenyekiti nikasema wazazi wa hapa hawapendi elimu, tukaitisha kikao, watu wakakaa kimya wananiangalia, mpaka bibi mmoja anayeuza maandazi akaniuliza, mwalimu, kwani wewe hujui sasa hivi ni giza?

Nikuelezee kama alivyonielezea yeye. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mwezi ukiwa mkubwa taa haifanyi kazi, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo watu wanapumzika. Ukipungua ukawa unachelewa kutoka, wanarudi majini. Sasa kipindi cha giza mitumbwi inaingia alfajiri, kina mama wananunua, wanaanika, na katoto ka miaka minne kanapewa fimbo kakae kufukuza kuku na ndege. Ndiyo kazi yake hiyo, na huwezi kumwambia mama aache dagaa waliwe kisa mtoto aje kuimba herufi. Mbalamwezi ikifika nayo ina shida yake, baba amepumzika, familia inapanda mtumbwi inaenda kusalimia nyumbani, Ukerewe, Musoma, Geita huko, siku saba, siku kumi.

Kwa hiyo una mashimo mawili ya mahudhurio kila mwezi na yanatofautiana. Shimo la giza ni la saa, sio la siku. Mtoto yupo kambini, ila asubuhi ana kazi. Tukahamisha kengele kutoka saa moja na nusu kwenda saa tatu, dagaa wakishatandazwa, na tukakubaliana na kina mama wapange zamu, wawili watatu walinde uanikaji wa wote. Hiyo zamu ilichukua vikao vinne kwa sababu kila mtu aliogopa dagaa wake watapungua. Kilichomaliza ubishi ni mawe ya rangi, kila mama akaweka mawe yake kwenye kona za eneo lake. Shimo la mbalamwezi ni la siku, hapo usipigane, wiki hiyo usianzishe kitu kipya, rudia, imba, tengeneza vifaa.

Sasa kosa langu la pili. Nilijiona nimeelewa, nikachora ratiba nzuri ya Januari, giza tarehe fulani mpaka fulani, nikaifanyia fotokopi ya mwaka mzima. Kufika Aprili haikubaliani na kitu. Mzunguko wa mwezi ni kama siku 29 na nusu, kila mwezi wa kalenda unaachwa nyuma kidogo, kidogo kidogo ile ikijumlishwa mwaka mzima ni kama siku 11. Nilihangaika na programu za simu zinazoonyesha mwezi, zote zinataka bando na mtandao wetu unashika ukipanda kwenye jiwe. Dawa ilikuwa kalenda ya msikitini, ile yenye tarehe za Kiislamu. Tarehe 14 au 15 mwezi umejaa, haibadiliki. Mimi ni Mkristo na darasani kwangu imetundikwa pale mbele: kuanzia kama 11 mpaka 19 hivi nahesabu mbalamwezi, zilizobaki giza. Ila usiishike kama msahafu, mawingu yakiwa mazito watu wanaingia majini hata mwezi ukiwepo, upepo ukivuma wanalala hata giza. Jioni muulize mvuvi.

Na la tatu, rejista. Dagaa wakihama na kambi inahama, mtoto anapotea wiki sita anarudi. Usimfute! Mimi nilifuta, wakarudi 12 kwa mkupuo na namba zao nimeshazigawa. Sasa naandika kwa kalamu mbili, bluu yupo, nyekundu amehama na kambi, na daftari lake anaondoka nalo kwenye mfuko wa nailoni, limeandikwa jalada la ndani amefika wapi, ili akikuta mlezi kambi nyingine aendelee.

Hatua ya 5: Lugha

Kambini kuna Wasukuma, Wajita, Wakerewe, Wazinza, na watoto wa miaka minne wengi hawana Kiswahili bado. Niliwahi kumwona mlezi anamkazania mtoto, "sema maji, sema maji," mtoto analia "minzi, minzi," na kikombe kipo mkononi mwa mlezi. Mpe anywe kwanza! Halafu sema "haya, minzi, maji" huku unamimina. Miezi mitatu ya mwanzo lugha zote ruksa.

Hatua ya 6: Uji

Kina baba watatoa dagaa kirahisi kuliko hela, omba kisado kimoja kimoja wakati wa giza. Chukua wa kwenye kichanja tu, wale wa kuanikwa chini wana mchanga na mtoto mdogo akishausikia kwenye meno mara moja hatakunywa tena. Osha, kausha, kaanga bila mafuta, twanga kwenye kinu. Mashine ya kusaga hawatakupokea, unga wa watu wote utanuka. Kijiko kimoja kikombe kinatosha, weka mwishoni. Maji ya ziwa chemsha, hata yakionekana safi.

Hatua ya 7: Vifaa

Ukiletewa midoli ya plastiki shukuru, weka kabatini. Picha za tufaha na treni sizitundiki. Vizibo vya soda, mbegu za ukwaju, udongo, mabua, vinatosha. Mimi nilikuwa nachora samaki ubaoni wa kuhesabia, kazi ya jioni nzima, mpaka siku moja nikamwaga kisahani cha dagaa mkekani niwaambie wahesabu, katoto kamoja kakachomoa furu mdogo, samaki mwingine wa ziwani, katikati, kakaninyooshea: "Mwalimu, huyu sio." Nikafuta ubao.