Kumpima mzee kumbukumbu kwa kuchora saa: maneno ya kumwambia na mtego wa saa ya Kiswahili

Kipimo ninachotumia kliniki kinaitwa Mini-Cog. Soo Borson na wenzake walikitoa mwaka 2000. Kinataka karatasi, peni na dakika chache tu, na ndiyo maana nakipenda kuliko vile virefu vinavyomchosha mzee kabla hujafika katikati.

Hatua ya 1. Shikamoo kwanza, kisha miwani yake aivae. Uliza nyumbani: amechanganyikiwa tangu lini? Wakikwambia tangu juzi, acha kuchora. Pima malaria, sukari na mkojo, maana maambukizi humvuruga mzee akaonekana amepoteza akili.

Hatua ya 2. Mpe maneno matatu ayarudie na kuyashika: kijiji, jiko, mtoto.

Hatua ya 3. Mpe duara lililokwisha kuchorwa. Mimi nazungushia mdomo wa bakuli dogo. Tumia peni, si penseli, ili alichokosea na kusahihisha kibaki kinaonekana. Geuza saa ya ukutani, ficha simu, na mwombe binti yake asimsaidie. Mwambie: "Babu, hii ni saa. Niwekee namba zake zote." Akimaliza, mtajie saa ambayo mishale yake ionyeshe.

Hapa ndipo nilipoharibu. Fomu ya Kiingereza inataka mishale ikae kwenye 11 na 2. Nilitafsiri nilivyoona namba, nikamwambia mzee mmoja, mstaafu wa reli: "Weka saa kumi na moja na dakika kumi." Akaweka mshale mfupi kwenye 5, mrefu kwenye 2, mistari imenyooka kabisa. Nikampa sifuri, na mwanawe nikamwambia baba apelekwe hospitali ya mkoa. Usiku nikaitazama tena ile karatasi: mzee alikuwa sahihi, aliyekosea ni mimi. Saa kumi na moja yetu ni 5. Kesho yake niliwapigia simu kuwaomba radhi.

Kwa hiyo sema: "saa tano na dakika kumi". Lakini usiishie hapo, kwa sababu wapo wazee wanaozitegesha saa zao Kiswahili, mshale mfupi ukae kwenye 5 penyewe. Kabla hujampa peni, muulize: "Saa yako ya nyumbani, saa sita mchana mshale mfupi unakaa wapi?" Akisema kwenye 12, jibu sahihi ni 11 na 2. Akisema kwenye 6, jibu lake sahihi ni 5 na 2. Usibadilishe dakika. Neno "kumi" ndilo mtego wenyewe: mwenye shida mara nyingi huvutwa na alichosikia, akaupeleka mshale kwenye 10 badala ya 2. Ukimwambia saa tatu kamili umeuondoa mtego huo. Na usimharakishe, dakika tatu zikipita hajamaliza, endelea na hatua inayofuata.

Hatua ya 4. Muulize yale maneno matatu. Kila neno alama 1. Mchoro wa saa ni alama 2 au 0, hakuna 1. Anapata 2 ikiwa namba zote zipo, kwa mpangilio, karibu na mahali pake, na mishale imeelekea panapotakiwa. Urefu wa mishale hauhesabiwi. Bibi mmoja alijaza namba zote 12 upande wa kulia, kushoto kukabaki kweupe. Hiyo ni 0 hata kama mwandiko ni mzuri. Jumla ikiwa 0 hadi 2, apelekwe kuchunguzwa zaidi. Usiwaambie ndugu kwamba ana demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili. Karatasi hii haiwezi kusema hivyo.

Kama hakusoma. Usimpe peni. Bibi aliyelima maisha yake yote na hajawahi kushika kalamu atashindwa kuchora akili ikiwa timamu, kisha ataona aibu mbele ya wajukuu. Kipimo kingine cha kumbukumbu, IDEA, ambacho watafiti walikiandaa kwa kuwapima wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kinatumia vijiti vya kiberiti: unapanga umbo, naye anapanga lake lifanane. Kwa wazee wa vijijini mimi naanza na hicho.

Mwisho. Kwenye kona ya karatasi andika tarehe, saa yake ya nyumbani imetegeshwaje, na sentensi uliyomwambia, neno kwa neno. Daktari atakayempokea hataweza kuusoma mchoro bila hiyo sentensi.