Somo: Kusafisha maji taka kwa bwawa la kokoto na matete, hatua kwa hatua

Wakuu, wengi wakiona matete yamestawi juu ya bwawa la maji taka hudhani matete ndiyo yanayokunywa uchafu wote. Yanakunywa kidogo sana. Kazi kubwa inafanywa na bakteria waliojishika kwenye kokoto na kwenye mizizi. Matete yanawapa makazi, yanapenyeza oksijeni kidogo mizizini, na majani yake yanakinga bwawa dhidi ya jua kali na baridi. Naanza na hilo kwa sababu anayeamini kazi ni ya mimea huhangaika na mimea tu, halafu karo linalotangulia, yaani tangi la kutuamisha uchafu, analijenga ovyo ovyo. Bwawa likiziba anasema teknolojia haifai.

Ninayoieleza hapa ni aina ambayo maji hupita kwa mlalo chini ya uso wa kokoto, huyaoni kabisa. Haihitaji pampu wala umeme kama ardhi ina mteremko. Si jambo geni: Käthe Seidel wa Ujerumani alikuwa akijaribu kusafisha maji taka kwa mimea ya majini tangu miaka ya 1950.

Hatua ya 1: Jua kiasi cha maji yako

Kila hesabu inatoka hapa. Tuchukue nyumba ya watu 5, kila mmoja anatumia lita 100 kwa siku. Hizo ni lita 500, yaani nusu mita ya ujazo. Kama una mita ya maji, isome kwa wiki nzima, ikiwemo siku ya kufua. Maji ya mvua kutoka paani yasiingie humu hata tone.

Hatua ya 2: Mahali

Chini ya nyumba kimteremko, pasipofurika, mbali na miti mikubwa yenye mizizi ya kutoboa. Kisima kiwe upande wa juu na mbali; mita 30 ndiyo kiwango ambacho wengi hukitumia kama cha chini kabisa. Uliza mamlaka ya eneo lako kabla ya kushika sururu.

Hatua ya 3: Karo la kutuamisha

Ningekuwa na fedha za kufanya vizuri kitu kimoja tu, ningezimalizia hapa. Maji yanayoingia kwenye kokoto yasiwe na vinyesi vigumu, mafuta wala nyuzi. Karo liwe na vyumba viwili, cha kwanza kichukue kama theluthi mbili za ujazo. Kwa lita 500 kwa siku, maji kukaa siku mbili kunadai mita 1 ya ujazo, lakini tope linataka nafasi yake, hivyo nisingeshuka chini ya mita 3 za ujazo.

Kwenye tundu la kutokea weka tii, yaani kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T, yenye mguu ulioshuka ndani ya maji, ili uchote maji ya katikati: juu kuna utando wa mafuta, chini kuna tope. Fundi akikwambia tii si lazima, tafuta fundi mwingine. Maji ya jikoni yapitie kwanza kwenye mtego wa mafuta, na mtego huo usafishwe kila mara.

Hatua ya 4: Ukubwa na uchimbaji

Kwenye joto, mita za mraba 2 kwa kila mtu zinatosha kwa nyumba ya kawaida. Penye majira ya baridi kali hesabu inapanda hadi 5, kwa kuwa bakteria hupunguza kasi maji yakipoa. Kwa mfano wetu wa joto tunapata mita za mraba 10: upana mita 2, urefu mita 5.

Chimba ili kokoto zipate kina cha sentimita 60, na maji yasimame sentimita 50. Kingo zipande juu ya ardhi iliyo kando ili maji ya mvua yasitiririkie ndani. Sakafu ishuke kuelekea matokeo kwa sentimita 1 kila mita, lakini kutoka ubavu mmoja hadi mwingine iwe sawasawa kabisa. Tumia mpira mwembamba unaoonesha maji, usikadirie kwa jicho. Sakafu ikiinama upande, maji yatafuata upande huo na nusu ya bwawa itakaa bure.

Hatua ya 5: Kuzuia kuvuja

Zege, udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, au plastiki nene ya milimita 1. Ukitumia plastiki, tandika mchanga chini yake na uondoe kila jiwe kali. Kisha jaza maji, weka alama, usubiri siku nzima. Acha ndoo ya maji pembeni nayo ikiwa na alama: maji yakishuka zaidi bwawani kuliko kwenye ndoo, si jua hilo, panavuja.

Hatua ya 6: Mabomba na kokoto

Maji yaingie kwa bomba lenye matundu lililolazwa upana wote. Upande wa kutokea, bomba jingine lenye matundu lilale sakafuni, liongoze kwenye chemba yenye elbo (kiungo cha bomba kilichopinda kama kiwiko) inayozungushika. Ukiinua elbo maji yanapanda bwawani, ukiilaza yanashuka. Elbo hiyo ndiyo usukani wako, usiigandishe kwa gundi.

Nusu mita ya mwanzo na ya mwisho jaza mawe ya milimita 40 hadi 80, ili maji yatawanyike. Katikati kokoto za milimita 10 hadi 20. Ziwe zimeoshwa. Chukua konzi moja, tia kwenye chupa ya maji safi, tikisa: maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, rudisha mzigo ukaoshwe tena. Vumbi hilo la mawe litashuka sakafuni na kuziba njia kabla maji taka hayajafika.

Ukiwa na ndoo ya lita 10, ijaze kokoto hadi ukingoni halafu mimina maji kwa kipimo. Zikiingia lita 4, nafasi ya maji ni asilimia 40. Sasa piga: mita za mraba 10, mara kina cha 0.5, mara 0.4, ni mita 2 za ujazo. Gawanya kwa 0.5 ya kila siku, maji yatakaa bwawani siku 4. Kama ndoo imepokea lita 3 tu, umebaki na siku 3, na afadhali ulijue hilo kabla ya kumwaga lori zima.

Hatua ya 7: Kupanda

Matete au mafunjo, yanayoota tayari karibu nawe. Chukua vipande vya shina la chini vyenye macho, panda 4 kwa mita ya mraba, mizizi iguse maji. Anza na maji safi yaliyo karibu na uso wa kokoto, na mimea ikishachipua fungulia maji taka kidogo kidogo. Baadaye shusha maji hadi sentimita 10 chini ya uso. Usitarajie bwawa kukomaa kabla ya msimu mmoja au miwili ya ukuaji.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Mbu je?
Jibu: Mbu anataka maji ya wazi ya kutagia. Maji yakibaki chini ya kokoto hapati. Ukiona mbu, kagua chemba zisizofunikwa vizuri na mfuniko wa karo kabla ya kulilaumu bwawa.

Swali: Langu lina mwaka wa tatu, maji yametokea juu pale yanapoingilia na yananuka. Nipande matete zaidi?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Pima tope la karo kwa mti mrefu leo hii. Tope na utando vikifika theluthi ya kina, ita gari la kunyonya. Halafu lipumzishe bwawa wiki kadhaa kama una pa kupeleka maji. Lisipofunguka, toa mawe na kokoto za mita ya kwanza, zioshe, zirudishe. Huhitaji kufumua bwawa lote.

Swali: Maji yanatoka meupe kabisa. Naweza kumwagilia mchicha?
Jibu: Weupe usikudanganye. Tuseme vimelea ni milioni 10 katika mililita 100 na bwawa limeua asilimia 99: bado wamebaki laki moja. Mwagilia miti ya matunda, ua, au nyasi, kwa bomba la chini lisilorusha maji. Mboga za majani, hasa za kuliwa mbichi, ziache.

Swali: Tumepimiwa maji, amonia (ile kemikali ya naitrojeni itokanayo na mkojo) haishuki. Kokoto zimeisha nguvu?
Jibu: Kokoto hazina kosa. Bwawa la mlalo lina oksijeni haba, na bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti wanaihitaji sana. Dawa ni kutanguliza bwawa la wima, ambalo maji humwagwa juu kwa mikupuo na kati ya mkupuo na mkupuo hewa huingia. La mlalo likifuata, linageuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni inayoondoka hewani. Fosfati, yaani chumvi za fosforasi zilizomo kwenye maji taka, ni habari nyingine: kokoto za kawaida huishika mwanzoni, zikishashiba inapita.

Swali: Magugu yamesonga matete yangu machanga, nipulizie dawa?
Jibu: Usipulizie. Inua elbo hadi maji yasimame sentimita chache juu ya kokoto, ncha za matete zibaki nje. Magugu mengi ya nchi kavu yatakufa, matete hayana neno. Usikawie kushusha maji tena, maana yakiwa wazi ndipo mbu wa yule mwenzetu wa kwanza watakapopata pa kutagia.