Somo: Kupanga ziara za mashamba ya mvinyo Toscana mkiwa na watoto

Somo hili ni la familia inayokwenda Toscana, Italia, kwa wiki moja ya mapumziko, wazazi wakitaka kuonja mvinyo na watoto wakitaka kuogelea. Shikeni hili kwanza: kantina (kiwanda cha mvinyo pamoja na maghala yake) moja kwa siku, mbili ndiyo mwisho, na katikati ya wiki siku nzima bila kantina. Ziara moja hula saa moja na nusu hadi mbili. Mkipanga tatu, ya tatu mtaifikia mmechelewa, watoto wana njaa, na ulimi hautofautishi tena chochote.

Hatua ya 1: Mahali pa kulala na msimu

Eneo la Chianti Classico liko kati ya Firenze na Siena, na miji yake ni kama Greve, Panzano, Radda, Gaiole na Castellina. Barabara ya SR222 inapita humo, kona baada ya kona. Greve hadi Firenze ni kama kilomita 30, lakini tengeni karibu saa nzima, na mtoto anayechafukwa na roho garini asipande akiwa ametoka kula. Montalcino na Montepulciano, miji mingine ya mvinyo, iko kusini mwa Siena. Msiifuate kutoka Greve kwa siku moja kwenda na kurudi. Laleni usiku 4 Chianti, kisha hamieni kusini usiku 3. Tafuteni agriturismo, yaani nyumba ya shambani inayopokea wageni, yenye jiko na bwawa.

Mei na Juni ndiyo miezi mizuri kwa familia. Sangiovese, zabibu kuu ya huku, huvunwa Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba. Wakati huo kuna mengi ya kuona, ila mashamba madogo hayana mtu wa kuwahudumia wageni. Agosti ni joto kali, na siku za karibu na tarehe 15, sikukuu ya Ferragosto, wengi hufunga. Waliozoea Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, wajue huku ni mara moja tu: Januari mizabibu ni vijiti vitupu.

Hatua ya 2: Kuweka nafasi

Andikeni barua pepe wiki 3 au 4 kabla. Msifike tu getini. Kantina nyingi hupokea waliojiandikisha. Tajeni tarehe, idadi ya watu wazima, idadi ya watoto na umri wao, na nani hali nguruwe. Ulizeni ghala lina ngazi ngapi (kigari cha mtoto hakishuki ngazi za mawe), watoto wana pa kuchezea, na kama ada ya kuonja inapunguzwa mkinunua chupa.

Angalieni saa. Ziara nzuri kwa watoto ni ya saa 4:30 asubuhi, na kwa Mwitaliano hiyo ni 10:30. Ukiandika 4:30 atasoma alfajiri, na 16:30 ni saa 10:30 jioni. Asubuhi ulimi uko safi, na mkimaliza mnakwenda moja kwa moja kwenye chakula cha mchana, ambacho mikahawa mingi huacha kuandaa ifikapo saa 8:30.

Hatua ya 3: Dereva

Kiwango cha kisheria Italia ni gramu 0.5 za kileo kwa lita ya damu. Kwa dereva aliye chini ya miaka 21 au mwenye leseni isiyozidi miaka 3, ni sifuri. Sasa pigeni hesabu: glasi za kuonja humiminwa mililita 30 hadi 50, na huletwa 4 au 5. Hizo zinaweza kufika mililita 250, theluthi ya chupa. Kutema kwenye ndoo ni adabu ya kawaida wala hakumuudhi mwenye shamba, lakini si kinga kamili. Dereva asinywe kabisa, na mzunguko huo mbadilishane kila siku. Kama wote mnataka kuonja, kodini gari lenye dereva. Wenye leseni za Afrika Mashariki wabebe pia kibali cha kimataifa cha udereva.

Hatua ya 4: Mezani

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Chianti Classico changa, yenye nembo ya jogoo mweusi, ina wekundu unaopenyeza mwanga. Brunello di Montalcino, ambayo ni Sangiovese tupu na haiuzwi kabla ya Januari ya mwaka wa 5 baada ya mavuno, ukingoni huanza kugeuka rangi ya tofali. Ukinywa, ufizi unakauka kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Hiyo ni tanini. Ule kipande cha jibini, unywe tena, utaona ukali umelainika.

Watoto waonyesheni chumba cha Vin Santo (mvinyo wa zabibu zilizokaushwa), kama kipo: zabibu nyeupe zimeanikwa zikauke, na vijipipa vidogo vilivyozibwa viko juu darini, ambako joto la kiangazi na baridi ya kipupwe ndivyo vinavyokomaza mvinyo kwa miaka. Castello di Brolio, karibu na Gaiole, ina kuta za ngome na bustani za kutembea. Ni ngome ya ukoo wa Bettino Ricasoli, waziri mkuu wa pili wa Italia iliyoungana, aliyeandika kanuni ya kuchanganya zabibu za Chianti mwaka 1872.

Maswali ya wanachama

*Asante kwa somo, kaka. Mume wangu hanywi kabisa. Atakaa garini?*

Hapana, dada. Mashamba mengi ya huku hukamua pia mafuta ya zeituni. Ombeni aonjeshwe hayo na mkate wakati nyinyi mnaonja mvinyo. Sahani ya vitafunio huja na salami, ambayo kwa kawaida ni ya nguruwe. Andikeni mapema "senza maiale", bila nguruwe.

*Naweza kuingia na gari mjini Siena?*

Usiingie panapoandikwa ZTL, yaani eneo la magari yenye kibali tu. Kamera hupiga picha namba ya gari, kampuni ya kukodisha hutoa jina lako na kukutoza ada yake, kisha faini inakufuata nyumbani miezi baadaye. Kila kuingia ni faini yake. Egesha nje ya kuta.

*Nirudi na chupa ngapi Dar?*

Forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mtu mzima lita 2 za mvinyo bila ushuru, yaani chupa 2 za mililita 750. Chupa iliyojaa ina kilo 1.2 hadi 1.5, ifunge kwa nguo katikati ya begi la kupakiwa, maana mkononi kwa kawaida hairuhusiwi. Na usiiache kwenye buti la gari mchana wa Julai: mvinyo hupanuka kwa joto, kizibo kinasukumwa juu na chupa inaanza kuvuja.