Kurekodi wadudu na maua ya porini kandokando ya Lubumbashi

Katika miombo inayozunguka Lubumbashi, maua mengi hayangoji mvua. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, nyasi zikiwa zimekwisha kuungua, mimea yenye mizizi minene ardhini huchanua, na nyuki, vipepeo na mbawakawa huifuata. Anza wakati huo.

1. Chagua eneo dogo unaloweza kulirudia kila juma, na umwombe ruhusa mwenyewe, hasa penye vilima vya shaba, ambavyo mara nyingi ni vya migodi. Humo huota Haumaniastrum katangense, mmea unaostahimili udongo wenye shaba nyingi. Kwa hiyo andika na aina ya udongo.

2. Mpige picha mdudu kwanza, juu na ubavuni, kisha ua pamoja na jani na shina lake. Mimi siupendi wavu, kwani mdudu akishaondolewa kwenye ua, habari ya alichokuwa akikifanya pale imepotea.

3. Hifadhi mahali na saa. Hapa ndipo wengi ninaowasaidia hukwama. Washa GPS kabla ya kufungua kamera, na uiruhusu kamera kuandika mahali ndani ya picha. Intaneti si lazima, kwa kuwa simu husoma satelaiti, ingawa bila mtandao huenda ikakawia dakika kadhaa. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, mahali na saa ya kupigwa hufutika. Itume kama hati, au uihamishe kwa waya, ambao ndio ninaouamini zaidi. Ukiandika namba kwa mkono, usisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo, kwa maana sisi tuko kusini mwa ikweta: -11.66 na 27.48 ni Lubumbashi, lakini 11.66 na 27.48 ni Sudani, na iNaturalist, programu ya mtandaoni ya kurekodi viumbe, itampokea nyuki wako huko bila kuuliza. Hata kama simu ni nzuri, andika vilevile daftarini, kwa penseli.

4. Pakia kwenye iNaturalist. Kila rekodi ni ya kiumbe kimoja, hivyo picha ya nyuki juu ya ua huingizwa mara mbili, na katika maelezo ya nyuki hutajwa ua alilolitembelea. Usipoijua spishi, andika kundi tu, kama vile nyuki au kipepeo. Wajuzi wataendelea kutoka hapo.