Ziwa Xihu, Hangzhou, China: anzia Daraja la Duanqiao kabla ya jua kuchomoza

Shuka kituo cha Longxiangqiao, treni ya chini ya ardhi, laini namba 1. Toka, elekea ziwani, kisha ufuate ukingo upande wa kaskazini mpaka Duanqiao, yaani "daraja lililokatika". Ni zima kabisa. Theluji ikiyeyuka katikati, ukiwa mbali unaliona kama limekatika. Ikifika saa tatu asubuhi, hasa wikendi, huoni daraja bali vichwa vya watu. Sikukuu za Oktoba Mosi, siku ya taifa la China, usijaribu kabisa.

Vuka tuta la Bai, kama kilomita 1, pita kisiwa cha Gushan, kisha ushike tuta la Su kwenda kusini. Hilo lina kilomita 2.8 na madaraja 6, na lilijengwa kwa tope lililochotwa ziwani enzi za gavana Su Dongpo, karne ya 11. Wengi huchoka hapa kwa sababu ya viatu vibovu.

Kuingia ziwani ni bure. Boti na mnara wa Leifeng vina tiketi. Mnara wa kale ulianguka mwaka 1924, huu wa sasa ni wa 2002, una hadi lifti. Jioni utazame mnara huo ukiwa bustani ya Changqiao, jua likizama nyuma yake.

Unganisha kadi ya benki na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, kabla ya safari. Na noti za yuan 1 usizitumie zote: mgongoni zina picha ya ziwa hilihili, pamoja na minara midogo ya mawe majini.