Namna ya Kuitafuta Dhambi Ndani ya Al-Inkishafi

Mwanafunzi akiulizwa Al-Inkishafi, shairi la kale la Kiswahili, inasema nini kuhusu dhambi, jibu huwa lile lile: mali ni mbaya, dunia ni mbaya, tumche Mungu. Jibu hilo linatoka kwenye nomino za shairi. Dhambi yenyewe imekaa kwenye vitenzi, na ukitaka kuiona fuata kazi hii kwa mpangilio. Ukiwa na penseli, daftari na nakala mbili za shairi, siku nne au tano zinatosha.

Nakala mbili si anasa. Mtunzi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, kisiwa cha pwani ya kaskazini ya Kenya, ambaye kwa kawaida anakadiriwa kuishi kati ya 1720 na 1820, alitunga katika Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati hizo, kwa namna zilivyotumiwa zamani, hazikutenganisha vizuri e na i, o na u, wala b na p. Kila mhariri aliyezigeuza kuwa hati za Kirumi alilazimika kuchagua. Ndiyo maana toleo la William Hichens la 1939 na matoleo yaliyofuata hayalingani kila mahali, hata katika idadi ya beti, ambazo ni 77 au zaidi kidogo. Neno likikutatiza, tazama nakala ya pili kabla hujajenga hoja juu yake. Insha nyingi zimesimama juu ya neno ambalo mhariri mmoja tu ndiye aliyelisoma hivyo.

Anza kwa kusoma kwa sauti, shairi zima, bila kusimama kwenye maneno magumu. Kila ubeti una mishororo minne. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne huishia kwa -ye kuanzia mwanzo wa shairi hadi mwisho. Katika mishororo mingi utahesabu mizani 11, na kituo baada ya ya sita: Suu ulimwengu / bahari tesi. Maneno ya Kiarabu huyumbisha hesabu kidogo, usihangaike nayo. Ukisoma bila kituo, maana huvunjika, kwa sababu mara nyingi kitu hutajwa upande mmoja na hukumu yake upande wa pili.

Usomaji wa pili ni wa lugha. Hiki ni Kiswahili cha kaskazini, Kiamu (lahaja ya Lamu), na makosa makubwa hutokea kwenye maneno yanayofanana na yetu. Ndia ni njia, yua ni jua, mai ni maji, nyuni ni ndege. Nyota ni kiu: "mwenye nyota" hana bahati yoyote ya angani, ana koo kavu. Viishio vya -iye ni wakati uliotimia, kwa hiyo "walaliye" ni "wamelala".

Viambishi viwili viangalie kwa makini zaidi. "Siikaribu" haimaanishi "mimi siikaribii". Ni katazo: usiikaribie. Na hu- inaweza kuwa ya mazoea au ya ukanushi wa nafsi ya pili. Mshairi anapouliza "Moyo wangu nini huitabiri", anauuliza moyo kwa nini hauzingatii. Msomaji anayeidhania hu- ya mazoea anaupa moyo sifa ya kuzingatia, yaani kinyume kabisa, na uchambuzi wake wote unakwenda mrama kuanzia hapo.

Usomaji wa tatu, gawanya shairi kwa mistari ya penseli. Utakuta ufunguzi wa kumtaja Mungu na kumsalia Mtume, nia ya mtunzi ya kutunga koja la lulu na kuondoa kiza cha ujinga, kisha maneno kwa moyo, mifano ya dunia, mauti, majumba ya Pate yaliyokuwa na yaliyobaki, halafu akhera na moto. Usitumie muda mrefu hapa. Mipaka hiyo haitenganishi shairi kama kuta, ni alama za kukusaidia kurudi.

Sasa kazi yenyewe. Chukua sehemu ya mifano ya dunia na uchore safu nne: kitu, tabia yake, mtu anayekutana nacho, na kitenzi cha mtu huyo. Ukiijaza utapata hivi. Bahari yenye mawimbi na matumbawe: mtu ni "aurakibuo", anayeipanda, na huyo ndiye anayeitwa mwasi. Kisima kisicho na ukingo, kinacholindwa na ng'ombe mwenye pembe: mtu ni "endao kwegema", anayekwenda kukisogelea, naye hapati kunywa maji yake. Vumbi linaloonekana ndani ya mwali wa jua: mtu anakwenda kulishika na mkono unabaki mtupu. Mangati ya mchana, yaani mazigazi yanayofanana na maji: mwenye kiu anayakimbilia. Mzoga: usiikaribie.

Soma safu ya nne peke yake, kutoka juu hadi chini. Kupanda, kusogelea, kushika, kukimbilia, kukaribia. Bahari haikutenda kosa, wala jua, wala vumbi. Kila mara kosa ni mwendo wa mtu kuelekea kitu ambacho hakiwezi kumpa anachokitaka. Hapa ndipo wanaosema shairi linachukia uumbaji wanapokwama. Wengine hujaribu kujiokoa kwa kusema ulimwengu ni kazi njema ya Muumba na dunia ndiyo mbaya, lakini mtunzi hakuwasaidia. Anatumia maneno yote mawili, na anayeitwa bahari ya mawimbi ni "ulimwengu" hasa. Tofauti ya uumbaji na dhambi haimo katika majina. Utaipata kwenye safu ya nne.

Baada ya hapo linganisha na Qur'ani, lakini kwa uangalifu. Mangati na mwenye kiu yamo katika Sura ya 24, aya ya 39, na vumbi lililotawanyika limo katika Sura ya 25, aya ya 23. Wengi huandika "mtunzi amechukua kutoka Qur'ani" na kuishia hapo. Tazama kilichobadilika: katika aya zote mbili kinachofananishwa ni matendo ya waliokufuru, na kwa mshairi ni dunia yenyewe. Mfano uleule umehamishwa kutoka kwa watu wengine na kuletwa mbele ya moyo wa Mwislamu anayesali. Andika uhamisho huo kwenye daftari, una thamani kuliko orodha ndefu ya aya.

Majumba ya Pate yasome kwa jozi, si kwa mfululizo. Upande mmoja weka yaliyokuwapo: taa za kowa (kioo) na za sufuri (shaba) zilizofanya usiku uwe kama mchana, na zidaka (vishubaka) za ukutani zenye sahani. Upande wa pili weka kilichoingia mahali pake: makinda ya popo, bundi anayekoroma ndani ya nyumba, na wana wa ndege waliolala katika zidaka zilezile. Angalia kwamba mshairi hasemi taa zilikuwa haramu. Anazieleza kwa mkono wa mtu anayezijua na, naamini, aliyezipenda. Katika kuuliza walikokwenda waliokuwapo, anamtaja Ali bin Nasiri, jina lile lile lililo ndani ya jina lake mwenyewe. Anayehukumu yumo ndani ya nyumba inayohukumiwa. Ukiandika kwamba anawashambulia matajiri wa Pate, umemtoa nje ya nyumba yake.

Kwa insha ya kurasa tatu, chagua beti 8 hadi 10, usizidishe. Ukinukuu zaidi utatumia nafasi yote kutafsiri Kiamu. Sehemu ya moto iache mwisho, na usiongeze fungu la pepo kwa kudhani limesahaulika. Majina ya moto yatafute ndani ya Qur'ani moja moja. Hutama, kwa mfano, uko katika Sura ya 104, na huko anayetupwa ndani yake ni mtu aliyekusanya mali na kuihesabu akidhani mali yake itambakisha milele. Vitenzi vyake ni vitatu: kukusanya, kuhesabu, kudhani. Viongeze kwenye safu ya nne, kisha urudi kwenye ubeti wa taa za kowa uusome upya.