Mkweche wa familia uutoe lini uchukue gari ya umeme? Anza na ethi ya nyumba yako

Wakuu, wiki iliyopita nimemaliza kumsaidia shemeji yangu wa Goba. Ana Toyota Raum ya 2004, gari iliyompeleka mke wake leba mara mbili na sa hivi inawapeleka hao hao watoto shule, na alitaka kuiuza fasta achukue Nissan Leaf ya umeme kwa sababu injini imeanza kula oili. Mi ni fundi umeme wa majumbani na gari ya umeme nnayo mwaka wa tatu huu hapa Tegeta, nikamwambia shem tulia kwanza, tuifanye hatua kwa hatua. Naziandika hapa maana naulizwa kila wiki, na karibu kila anayeniuliza anaanzia kwenye gari wakati mimi nasema anzia nyumbani kwako, kwenye ethi, yaani waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini.

Hatua ya 1: Andika kilomita zako

Usikadirie kichwani. Chukua daftari, kila usiku andika namba ya dashibodi, mwezi mzima. Shemeji alikuwa anasema "natembea kama 80 hivi kwa siku", tulipoandika ikatoka 50, Goba hadi Posta na kurudi na kupitia shule.

Sasa hesabu. Raum yake kwenye foleni ya Mwenge na Morocco inaenda kilomita 10 kwa lita. Kilomita 50 mara siku 26 ni 1,300 kwa mwezi, sawa na lita 130. Weka bei ya petroli ya mwezi huu inayotangazwa na EWURA, sisi tulitumia shilingi 2,900, inakuja 377,000. Gari ndogo ya umeme weka uniti 17 za LUKU kwa kilomita 100 (uniti moja ni kWh moja), hapo nimeshaingiza umeme unaopotea njiani wakati wa kuchaji, kwa hiyo ni uniti 221, kwa bei ya kawaida ya 356 kwa uniti ni kama 79,000. Anabakiza karibu 298,000 kwa mwezi, kwa mwaka milioni tatu na nusu na kidogo. Kama baada ya kuuza Raum inabidi aongeze milioni 15, zinarudi kwa miaka minne na kitu.

Mama yangu yuko Mbagala, anatembea kilomita 15 kwa siku, sokoni na kanisani. Nilimpigia hesabu ile ile akawa anaokoa kama 89,000 kwa mwezi, yaani milioni 15 zingerudi baada ya miaka 14. Nikamwambia mama, kaa na gari yako, tubadilishe oili tu. Kwa hiyo usisikilize mtu anayekwambia kila mtu ahamie umeme leo, na usimsikilize pia anayesema ni ujinga, kilomita zako ndo zinasema.

Kitu kimoja watu wanakisahau: kama nyumba yako iko kwenye ile tarifu ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, mnaonunua uniti kwa 122, ukianza kuchaji gari utatoka humo. Maana yake friji, taa na pasi navyo vitapanda bei, sio gari peke yake. Iweke kwenye hesabu.

Hatua ya 2: Gari ya zamani inaumwa nini?

Kama inadai shokapu, bushi, boljointi, tairi, tengeneza uendelee, maana gari ya umeme nayo inavyo hivyo vyote na kwa sababu ya uzito wa betri tairi zinaisha mapema zaidi. Kama inadai kufungua injini au gieboksi, hapo ndo simama upige hesabu kabla hujaenda Shauri Moyo kutafuta spea, kwa sababu hiyo hela ndo sehemu ya nyongeza yako.

Hatua ya 3: Pima ethi ya nyumba

Hii someni taratibu. Mimi ilinila siku mbili na nusu na mimi ndo fundi.

Gari yangu ilipofika nilichomeka chaja jioni, taa nyekundu ikawa inapepesa, gari haichaji. Nikabadilisha soketi. Nyekundu. Nikavuta waya mpya toka main switch. Nyekundu. Nikachukua multimita ya kupima volti, laini (waya wenye umeme) na nyutro (waya unaourudisha) 231, laini na ethi 228, nyutro na ethi kama volti 3. Nikasema ethi iko poa, tatizo ni chaja, nikaazima chaja ya jirani wa Bunju mwenye gari kama yangu, ikaleta nyekundu ile ile, basi nikaanza kuamini nimeuziwa gari mbovu. Usiku sikulala.

Nilikosea kuiamini multimita. Multimita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata ethi iliyobaki kwa uzi mmoja tu itakuonyesha 228 safi kabisa. Siku ya pili mchana nikachukua balbu ya zamani ya wati 60, zile za waya ndani, nikaiunga kati ya laini na ethi, ikawaka hafifu kama mshumaa unaoisha. Nikaelewa. (Usiige hiki kipimo kama sio fundi. Kama nyumba ina RCD, ile swichi inayokata umeme ukivuja, itakata, na kama haina na ethi ni mbovu, unapeleka umeme kwenye bodi ya kila kitu cha chuma ndani, friji, hita ya maji, yote. Mimi nilitoa watu wote nje na kuchomoa vitu vyote kwanza. Kipimo sahihi ni mashine ya kupimia ethi, na sa hivi siendi kwa mteja wa gari bila hiyo.)

Nikachimba pale nyuma ya nyumba kwenye fimbo ya ethi. Klampu ilikuwa imeota kutu ya kijani nene kama ukoko wa wali, nilipogusa waya kwa bisibisi ukachomoka wenyewe. Miaka minane tunaishi humo, watoto wanaoga na hita ya maji, na nyumba haina ethi. Friji halilalamiki ethi ikikatika, taa hailalamiki, ila chaja nzuri ya gari inapima ethi kabla haijaruhusu umeme na ikiona haipo inagoma. Hiyo taa nyekundu inakulinda, sio ubovu.

Kwenye nyumba zetu za ukanda wa pwani hii ni kawaida, hewa ya chumvi, mchanga mkavu, fimbo fupi zilizopakwa shaba juu juu. Nilipopima ya shemeji kule Goba ilikuja zaidi ya omu 400 (omu ni kipimo cha ukinzani, ikiwa ndogo ndo ethi nzuri). Tulifanya hivi: fimbo mbili za shaba za kueleweka, zimepigwa chini mpaka mwisho, umbali kati yake usiwe mdogo kuliko urefu wa fimbo yenyewe, zimeungwa pamoja kwa waya mmoja usiokatwa, klampu za brasi sio za bati, na tukaziweka upande ule maji ya eisii yanapodondokea ili udongo usikauke. Ikashuka hadi omu 9. Juu tukaweka kashimo kenye mfuniko ili kila mwaka uangalie klampu kwa macho.

Mafundi wenzangu wengi wanapenda kujaza chumvi na mkaa kwenye shimo. Mimi sitaki. Siku ya kwanza kipimo kinapendeza, masika ikija chumvi inaondoka na maji na iliyobaki inakula klampu. Zamisha fimbo zaidi.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa: USIKUBALI FUNDI AUNGE NYUTRO NA ETHI NDANI YA SOKETI. Nimeikuta kwenye nyumba tatu mpaka sasa. Ukifanya hivyo taa nyekundu inaondoka, gari inachaji, mteja anafurahi, fundi analipwa. Siku nyutro ikikatika hapo nyuma, bodi yote ya gari inakuwa na umeme. Mtoto anatoka bafuni miguu peku, simenti ina maji, anashika kitasa cha gari. Kama fundi amekufanyia hivyo, zima, mwite mwingine leo. Na zile chaja za bei chee zisizopima ethi kabisa, hizo nazo usinunue, bora ukae na mkweche wako.

Mpangaji, hii hatua ndo inakuamulia. Ongea na mwenye nyumba kabla ya kuangalia gari yoyote, na kama mnachangia LUKU moja na wapangaji wenzio malizeni kwanza, weka mita yako ndogo ya kuchajia, la sivyo mtagombana mwezi wa kwanza tu.

Hatua ya 4: Laini ya kuchajia

Waya wa milimita 4 toka main switch moja kwa moja hadi pakingi, breka yake, RCD yake, soketi nzito ya viwandani ya ampia 16. Hakuna ekstensheni. Ukilazimika kutumia soketi ya kawaida ya ukutani, weka chaja kwenye ampia 8 au 10, na baada ya saa moja shika plagi, ikiwa ya moto mpaka unaiachia, chomoa. Kwa ampia 10 gari inaingiza uniti 2.3 kwa saa, kilomita 50 za shemeji ni saa nne hivi, anachomeka usiku, kabla ya alfajiri imeshajaa. Chaja iliyokuja na gari toka Japani ina plagi ya kwao, usikate ukaunga plagi ya kwetu, tafuta ya volti 230.

Hatua ya 5: Betri

Leaf ziko za aina tatu zinazoonekana sana, za kWh 24, 30 na 40. Mimi nasema chukua 40, yaani zile za umbo jipya za kuanzia mwisho wa 2017, na sibishani kuhusu hili. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, inategemea hewa tu, na joto la Dar linaichosha, kwa hiyo anza na betri kubwa ikichoka bado inakufikisha. Ile ya 24 iliyochoka robo utapata kama kilomita 100 na eisii ikiwaka ni chini ya hapo.

Kwenye dashibodi kuna vibao 12 vya afya ya betri pembeni ya kipimo cha chaji. Kibao cha kwanza kikiondoka betri imeshapoteza kama asilimia 15. Ila vibao vinaweza kurudishwa kwa kompyuta vikaonekana vyote 12, kwa hiyo usinunue kwa macho. Nunua kifaa cha OBD2, kile kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, weka apu ya LeafSpy kwenye simu, angalia namba ya SOH, yaani afya ya betri kwa asilimia. Halafu endesha. Jaza chaji, zunguka hadi Bagamoyo na urudi, linganisha asilimia zilizotumika na kilomita. Muuzaji akikataa usitembeze, ondoka. Kama unaagiza Japani, dai picha ya dashibodi ikiwa imewashwa, na namba ya SOH.

Ukishainunua usiiache imejaa asilimia 100 juani mchana kutwa. Chaji usiku, paki kivulini.

Hatua ya 6: Safari za mkoani

Shemeji ni Mchaga, Desemba lazima Moshi. Hiyo ni zaidi ya kilomita 500 na usipange safari ya familia kwa kutegemea utapata chaji njiani. Leaf ya Japani inatumia plagi ya aina ya CHAdeMO kwa chaji ya haraka, gari za soko la China zinakuja na GB/T, unaweza kukuta mashine ipo na plagi haiingii. Ukienda Morogoro au Dodoma panda SGR. Moshi, kodi gari au panda basi, siku hizo chache haziharibu hesabu ya mwaka mzima.

Hatua ya 7: Ushuru

Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, weka modeli na mwaka, kabla hujalipa hata shilingi. Gari kuukuu inabeba ushuru wa uchakavu, ndo maana Leaf ya kwanza kwanza inayoonekana rahisi Japani inakuja kukushangaza bandarini.

Hatua ya 8: Usiuze ya zamani siku hiyo hiyo

Kaa na zote mbili miezi miwili kama uwezo upo. Shemeji ameamua hivi: ethi na laini ya kuchajia tayari zipo, Raum inaendelea kwa kuongezewa oili mpaka Januari, iwapeleke Moshi Desemba mara ya mwisho, gari mpya inaagizwa baada ya hapo. Ukiuza, badilisha umiliki TRA siku unayopokea hela, kadi ikibaki na jina lako faini za barabarani za mwenzio zitakuja kwako.